KUTU NDANI YA PIPA: ADUI BOHARINI, MTUMISHI KIWANDANI

Askari hufundishwa tangu juma la kwanza la mafunzo yake kwamba kutu ni adui wa bunduki. Kwa sababu hiyo hupangusa, hupaka mafuta, hukaguliwa, na ole wake yule ambaye mtutu wake utakutwa na doa jekundu. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu waliopata kuelezwa kwamba kutu hiyo hiyo, ikiwa ndani ya pipa, ina kazi ya pili. Haili chuma peke yake. Huyachochea mafuta yaliyomo yaungane na hewa, yachache, yawe mazito, na hatimaye yageuke ulimbo wa kuziba chujio za gari. Gari la doria laweza kusimama katikati ya mlima kwa sababu ya vumbi jekundu lililokaa chini ya pipa miezi mingi kabla ya safari, wala dereva asijue amepigwa na adui gani.

Hiyo ndiyo habari tunayotaka kuwaeleza leo askari wenzetu wa jeshi na wa polisi: habari ya oksidi za metali na mafuta yatokanayo na mimea na wanyama. Ni somo la kikemia, lakini lisimtishe mtu. Oksidi ya metali si kitu kigeni; ni metali iliyoshikana na oksijeni. Kutu ni oksidi ya chuma. Wataalamu wa viwanda huzitumia oksidi za namna hii kwa makusudi, ili kuyabadili mafuta yawe bidhaa zenye thamani kubwa zaidi. Kwa hiyo jambo ni moja, lakini lina nyuso mbili: asiyelijua humdhuru, alijuaye humtumikia.

JARIBIO LA KIGALI

Sisi wa Rwanda tuna sababu yetu ya kulijali jambo hili. Nchi yetu haina bahari. Lori la dizeli lipakialo Dar es Salaam hupita zaidi ya kilometa 1,400 za barabara kabla ya kufika Kigali, na lile lipakialo Mombasa hupita nyingi zaidi. Mwezi Julai 2008 bei ya pipa la mafuta ghafi katika soko la dunia ilipanda ikapita dola 147 za Kimarekani, na kila nchi isiyo na visima wala bandari ilionja uchungu mara mbili: uchungu wa bei na uchungu wa safari.

Katika miaka hiyo Taasisi ya Utafiti wa Sayansi na Teknolojia, iliyojulikana kwa ufupi kama IRST na kuwa na makao yake Huye, ilishughulika na utafiti wa dizeli itokanayo na mimea, yaani biodizeli. Kiwanda kidogo cha majaribio kiliwekwa Mulindi, pembezoni mwa jiji la Kigali, na mafuta ya mawese yakawa miongoni mwa malighafi zake. Basi la abiria liliendeshwa kwa mafuta hayo kati ya Kigali na Huye, na wananchi wakashuhudia kwamba injini ya kawaida ya dizeli hukubali kwenda kwa mafuta ya mmea. Biodizeli haikupata kuwa tegemeo la nchi, kwani ardhi ya Rwanda ni haba na mafuta ya kula yana wanunuzi wake. Mwaka 2013 iliundwa NIRDA, wakala wa taifa wa utafiti na maendeleo ya viwanda, na IRST ikawa historia. Lakini jaribio lile liliacha fundisho ambalo hata leo linamhusu kila mtunza bohari.

Biodizeli hupatikanaje? Mafuta ya mawese, ya alizeti au ya soya ni esta, maana yake ni asidi za mafuta zilizofungamana na gliserini. Gliserini moja hushika asidi tatu. Fundi huyachanganya mafuta hayo na methanoli pamoja na kiasi kidogo cha kostiki, akayapasha moto. Hapo kila asidi huiacha gliserini na kushikana na methanoli yake. Gliserini huzama chini na kuondolewa; kinachobaki juu ni esta nyepesi ziwezazo kuwaka katika injini.

Ukizitia katika chupa, esta hizo zafanana sana na dizeli ya kisimani. Tofauti iliyo kubwa haionekani kwa macho. Dizeli ya kisimani huvumilia hewa kwa muda mrefu. Esta hazina uvumilivu huo.

MLANGO WA OKSIJENI

Asidi ya mafuta ni mnyororo wa kaboni. Katika baadhi ya minyororo hiyo pete zote zimefungana kwa namna moja. Katika mingine kuna mahali ambapo pete zimefungana kwa kiungo pacha, na kando ya kiungo hicho ndipo oksijeni ipatapo mlango wa kuingilia. Asidi iitwayo oleiki, ambayo ni sehemu kubwa ya mawese, ina kiungo pacha kimoja. Linoleiki, iliyo nyingi katika soya na alizeti ya kawaida, inavyo viwili. Linoleniki, iliyo nyingi katika mbegu za kitani, inavyo vitatu. Vipimo vya maabara vilionyesha kwamba, ikiwa oleiki huungana na oksijeni kwa kasi ya moja, basi linoleiki huungana kwa kasi ya arobaini hivi, na linoleniki kwa kasi ya karibu mia. Ndiyo maana mafuta ya mawese hudumu kuliko ya soya, na ya soya hudumu kuliko ya kitani.

Oksijeni ikiisha kuingia, hutokea kitu kiitwacho peroksidi. Peroksidi ni kama bomu la mkono ambalo pini yake haijatolewa: likiachwa hutulia. Mtoa pini ni metali. Chuma kilichomo ndani ya kutu kina hali mbili, kwani chaweza kupokea elektroni na kuitoa tena. Kikiigusa peroksidi huivunja, na vipande vyake huirukia minyororo mingine na kuifungulia oksijeni mlango. Kisha chuma hurudia hali yake ya kwanza kikangoja peroksidi nyingine. Hakipungui wala hakichoki. Hii ndiyo maana ya kichocheo: kitu kiharakishacho badiliko bila chenyewe kumalizika. Sajini wa gwaride aweza kusimama mahali pamoja, lakini kwa sauti yake kikosi kizima hutembea.

Ubaya huu huzaa ubaya mwenzake. Mafuta yanapochacha hutoa asidi kali. Asidi hizo huilamba kutu na kuubeba uchuma wake ndani ya mafuta. Na uchuma huo huongeza kuchacha. Shaba ni mbaya kuliko chuma, kwani kiasi chake kidogo sana chatosha kuleta madhara makubwa. Kwa sababu hiyo miongozo ya kuhifadhi biodizeli hukataza vyombo, mabomba na koki za shaba au za mchanganyiko wa shaba. Aidha hukataza risasi, zinki na bati la kulehemia. Hukubali alumini, chuma cha pua, na chuma cha kawaida kilicho safi.

Mataifa yamejiwekea vipimo vya uvumilivu wa mafuta haya. Katika Ulaya biodizeli hupashwa moto hadi nyuzi 110 za Selsiasi huku ikipulizwa hewa, nayo yapasa ivumilie saa 8 kabla ya kuharibika. Hapo zamani zilidaiwa saa 6. Marekani hudai saa 3. Wataalamu wa nishati wa huko hushauri kwamba biodizeli isiyochanganywa na dizeli ya kisimani isikae ghalani zaidi ya miezi 4, isipokuwa imetiwa dawa ya kuizuia oksijeni.

ZAMU YA BOHARI

Kutokana na maelezo hayo, mtunza bohari aweza kujitungia amri zake mwenyewe. Amri ya kwanza ni pipa lijae. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana kuna joto na usiku kuna baridi. Pipa lililojaa nusu huvuta hewa usiku na kuitoa mchana, na katika hewa hiyo kuna mvuke ambao hugeuka maji ubavuni mwa pipa. Maji huteremka chini, chuma kikapata kutu, na kichocheo kikawa kimezaliwa ndani ya ngome yetu. Pipa lililojaa na kufungwa vema halina nafasi ya kupumua.

Amri ya pili ni kivuli. Kanuni ya jumla ya wanakemia ni kwamba, kila joto liongezekapo kwa nyuzi 10, kasi ya badiliko la namna hii hukaribia kuwa maradufu. Jambo hili lina uzito kwa wale watumikao mbali na vilima vyetu. Askari wa Rwanda waliopelekwa Cabo Delgado, Msumbiji, mwezi Julai 2021, walitoka katika ubaridi wa milima wakaingia katika pwani yenye joto na unyevu. Kawaida za bohari zilizotosha nyumbani hazitoshi mahali kama pale.

Amri ya tatu ni zamu: mafuta yaliyotangulia kuingia ndiyo yatangulie kutoka, na kila pipa liandikwe tarehe yake. Amri ya nne ni kuondoa maji na takataka zilizotuama chini kabla ya kujaza upya, na kulikataa pipa ambalo ndani yake kuna wekundu. Amri ya tano ni kutumia pua na macho. Mafuta yaliyochacha hunuka kama rangi ya milango, rangi yake huwa nzito, na yakichujwa huacha utelezi wa kunata. Mafuta ya namna hiyo yasitiwe ndani ya gari kwa kisingizio kwamba hakuna mengine. Gari lililokwama njiani ni hasara kubwa kuliko pipa lililomwagwa.

Jikoni nako kuna zamu. Mafuta ya kupikia ni esta vilevile, na dumu lililoachwa wazi karibu na moto huchacha kwa sheria ile ile. Viwanda vya mafuta ya kula hutia chembe za asidi ya sitriki, ambayo ndiyo uchachu wa ndimu, kwa kuwa asidi hiyo huikamata metali na kuizuia isichochee. Mpishi wa kambi hahitaji kutia kitu; amtoshee mfuniko, kivuli na chombo kisicho na kutu.

Tena yafaa tuseme neno juu ya ghala la silaha. Wapo wadhanio kwamba, mafuta ya bunduki yakikosekana, mafuta ya kupikia yatafaa. Hayafai hata kidogo. Mafuta ya bunduki ya kawaida hutokana na mafuta ya kisimani, nayo hayakauki upesi. Mafuta ya alizeti au ya soya, yakipakwa kwa utando mwembamba juu ya chuma, hukutana na hewa na metali kwa wakati mmoja, yakawa ulimbo unaonata. Silaha iliyopakwa ulimbo huonekana inang'aa siku ya ukaguzi, na hukwama siku ya shida.

TAMBARA LIWAKALO LENYEWE

Hadi hapa tumezungumzia hasara ya mafuta na magari. Sasa tuzungumzie hasara ya roho za watu, na hapa tunawalenga hasa wenzetu wa polisi, kwani katika nchi yetu kikosi cha zimamoto na uokoaji ni sehemu ya Polisi ya Taifa ya Rwanda.

Mafuta yanapoungana na oksijeni hutoa joto. Yakiwa ndani ya pipa joto hilo hupotea polepole. Lakini chukua tambara lililoloa mafuta ya kitani, ambayo mafundi huyatumia kung'arishia mbao, ulikunjekunje na kulitupa pembeni pamoja na mengine. Hewa itapenya katikati ya nyuzi, mafuta yataungana nayo upesi, na joto litakosa pa kutokea. Mafuta mengi ya kitani yauzwayo madukani yametiwa vichocheo vya metali ili yakauke haraka, na kwa sababu hiyo hatari yake ni kubwa zaidi. Baada ya saa kadhaa lundo hilo laweza kuwaka lenyewe, pasipo kiberiti, pasipo sigara, pasipo hitilafu ya umeme.

Tarehe 23 Februari 1991, katika mji wa Philadelphia, Marekani, moto ulianza katika ghorofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza lililokuwa na ghorofa 38. Chanzo chake kilikuwa matambara yenye mafuta ya kitani yaliyoachwa na mafundi waliokuwa wakizitengeneza kuta za mbao. Moto uliwaka kwa zaidi ya saa 18, ukapanda ghorofa baada ya ghorofa, na ulizuiwa ulipofika ghorofa ya 30, ambako kulikuwa na mabomba ya kunyunyiza maji yenyewe. Wazima moto watatu walipoteza maisha yao. Walikufa kwa sababu ya matambara.

Jiji la Kigali linakwenda juu mwaka hadi mwaka, na kila jengo jipya lina mafundi wa rangi na wa mbao. Mwangalizi wa usalama aingiapo katika jengo la namna hiyo asitazame nyaya za umeme tu. Atazame pia pembe yenye matambara. Dawa yake ni rahisi. Tambara litandazwe nje, moja moja, hadi likauke na kukakamaa; au litiwe ndani ya chombo cha chuma chenye maji na kufunikwa. Hali kadhalika ndani ya kambi, pale wanapofanya kazi maseremala wetu.

MTUMISHI KIWANDANI

Baada ya kumtaja adui, haki yatudai tumtaje mtumishi. Mafundi rangi wa kale wa Ulaya waliyachemsha mafuta ya kitani pamoja na oksidi ya risasi, na rangi zao zikakauka haraka kuliko kawaida. Hawakujua habari za elektroni, lakini walikuwa wameijua nguvu ya kichocheo. Siku hizi risasi huepukwa kwa kuwa ni sumu, hasa kwa watoto, na kobalti na manganisi hufanya kazi hiyo. Rangi ya mafuta ipakwayo mlangoni haikauki kama nguo ianikwayo. Hukauka kwa kuungana na oksijeni. Ni kuchacha kule kule, ila kumeamrishwa kufanyika mahali pake na kwa wakati wake.

Viwanda vya leo vimesonga mbele zaidi, na hapa habari yatugusa sisi wa Kigali kwa karibu. Kaskazini ya jiji, katika Wilaya ya Rulindo, uko mgodi wa Nyakabingo, uchimbwao mawe ya wolframu tangu enzi za ukoloni wa Kibelgiji. Wolframu ni jiwe zito lenye chuma, manganisi, oksijeni na metali iitwayo tungsteni. Askari wengi wamesikia sifa ya tungsteni kwa ugumu wake na kwa kutoyeyuka hadi nyuzi 3,422 za Selsiasi. Wachache wamesikia kwamba tungsteni iliyoshikana na oksijeni ni kichocheo hodari cha kuzioksidisha esta za mafuta.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Asidi ya oleiki ina kaboni 18, na kiungo pacha chake kipo katikati kabisa, kati ya kaboni ya 9 na ya 10. Mtaalamu huyapa mafuta peroksidi ya hidrojeni, na tungsteni huielekeza oksijeni ikae juu ya kiungo hicho, mahali pale na si pengine. Kisha hewa, pamoja na kichocheo cha kobalti, huukata mnyororo mahali palipotayarishwa. Hupatikana vipande viwili vya kaboni tisa tisa: asidi ya pelargoniki na asidi ya azelaiki. Ya kwanza hutengenezewa vilainishi vya injini za ndege. Ya pili huingia katika grisi zihimilizo joto na katika plastiki. Kampuni ya Novamont ya Italia ilisajili hataza za njia ya namna hii, na ikiwa na mshirika wake Versalis ilianzisha mwaka 2011 kampuni ya Matrìca huko Porto Torres, kisiwani Sardinia, ili kutengeneza bidhaa hizi kutokana na mafuta ya mimea.

Hapo ndipo tuonapo nyuso zote mbili kwa pamoja. Ndani ya pipa chafu metali huirusha oksijeni ovyo, kila mnyororo ukapigwa, na mwisho ni ulimbo. Ndani ya mtambo uliopangwa vema metali huipeleka oksijeni mahali pamoja, na mwisho ni mafuta ya kulainishia ndege. Tofauti baina ya kundi lenye fujo na kikosi chenye nidhamu kila askari anaifahamu.

Hata hivyo, tusijisifu kwa mawe tu. Mwaka 2025 madini ya tungsteni ya Nyakabingo yalisafirishwa hadi Marekani ili yakasafishwe huko katika jimbo la Pennsylvania. Biashara hiyo ina faida yake na huleta fedha za kigeni. Lakini jiwe huondoka kama jiwe, na kichocheo hurudi kikiwa kimekwisha fanya kazi yake, kimo ndani ya kopo la grisi au la vilainishi lililonunuliwa kwa bei ya mbali. Kijana wa Rwanda asomaye kemia katika chuo chetu chochote, akiwemo yule avaaye sare, yafaa ajue kwamba kati ya kilima kile na kopo lile kuna elimu, na kwamba elimu hiyo husomeka.

Kazi hiyo ni ya miaka. Ile ya bohari ni ya leo. Kila kituo kina pipa, kila jiko lina dumu, na kila karakana ina pembe yenye matambara. Mkuu wa zamu hahitaji maabara ili kuvikagua. Ahitaji tochi, kitambaa cheupe cha kuchovya, na daftari la tarehe. Pipa lenye kutu liondolewe kazini, lijaalo maji likaushwe, na tambara lenye mafuta litandazwe nje kabla jua halijatua.